Ng'ombe Asiye na Mtu Barabarani

Kila siku nikitoka shule, hata kabla sijavua viatu, mama aliniita kutoka uani, "Binti yangu, Bibi Harusi anakungoja!" Nilitupa mkoba kitandani, nikabadilisha sare, nikachukua kamba na kitambaa chekundu kilichoning'inia nyuma ya mlango, nikaenda kumtoa ng'ombe wetu bandani.

Tulimwita Bibi Harusi kwa sababu ya mwendo wake. Alipiga hatua moja kwa madaha, akasimama, akawatazama watu, ndipo akapiga nyingine. Hata ungemchapa, hakuongeza mwendo. Alikuwa na ndama jike wa miezi mitatu mwenye doa jeupe kichwani, tukampa jina la Kofia. Kofia alibaki nyumbani amefungwa, kwa sababu angemfuata mama yake angeyamaliza maziwa yote malishoni. Na maziwa hayo ndiyo yaliyotununulia madaftari, sabuni, chumvi na kila kitu, maana nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama.

Malisho yalikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Kuvuka kulikuwa na utaratibu wake kijijini kwetu, na hata mtoto wa darasa la kwanza aliujua. Mwenye mnyama hutangulia kwenye lami, huinua kitambaa chekundu, na magari yakishasimama ndipo mnyama huvuka. Sheria iliyokwenda na utaratibu huo ilikuwa fupi. Gari likimgonga mnyama aliye na mtu wake, dereva analipa. Likimgonga mnyama aliye peke yake, mwenye mnyama ndiye anayelipia gari. Kwa hiyo mimi nilitakiwa kumvusha Bibi Harusi, kumfunga kwenye mti, kukaa naye mpaka saa kumi na moja, kisha kumrudisha akakamuliwe.

Siku ile nilimkuta rafiki yangu Kasuku kwenye baraza ya fundi cherehani, karibu na malisho. Jina hilo tulimpa kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na wasichana wengine wawili, wamenuna.

"Kamba yetu ya kuruka imekatika," alisema Kasuku. "Tuazime hiyo yako."

"Hii ni ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani, huyo? Huyo hata akimwona simba ataomba kwanza awaage watu!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikamfungua Bibi Harusi kamba shingoni, nikamwacha anakula majani.

Tuliruka, jamani. Siku hiyo miguu yangu ilikuwa myepesi ajabu, na kila nilipokosea nilisema, "Mara moja tu, ya mwisho." Saa kumi na moja ikapita nami nahesabu miruko. Kule nyumbani Kofia alianza kulia njaa. Mimi sikumsikia, lakini mama yake alimsikia.

Tulisikia breki, kisha kishindo.

Nilipofika barabarani, pikapu ilikuwa imeingia mtaroni, taa moja imepasuka na rejeta inavuja maji. Nyuma ilikuwa imebeba trei za mayai, na mayai yalikuwa yakichuruzika mpaka chini. Bibi Harusi alilala kwenye lami upande wa nyumbani. Alikuwa amebakiza hatua tatu tu. Maziwa yalikuwa yakimtoka yenyewe. Nilipiga magoti nikamkumbatia shingo. Aliniangalia, kisha hakuniangalia tena.

Dereva alishuka, damu ikimtoka kwenye paji la uso. Alikuwa mtu wa makamo, shati lake limelowa ute wa mayai.

"Alikuwa peke yake," alisema. "Nawaapia, alikuwa peke yake!"

"Wote husema hivyo!" watu walimfokea. "Mnaendesha kama mmekunywa!"

Mwenyekiti wa kijiji alifika. Ni mzee mwenye sauti ndogo, lakini akisema watu hunyamaza. Aliniinamia akaniuliza swali moja tu.

"Mjukuu wangu, ulikuwa naye?"

Wakati huohuo nilimwona mama anakuja mbio, peku, mikono kichwani. Ningewezaje kumwambia kwamba nilikuwa naruka kamba?

"Nilikuwa naye," nikasema. "Niliinua kitambaa. Hakusimama."

Kasuku alikuwa nyuma yangu. Aliiviringisha kamba akaificha chini ya nguo yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema neno.

Mwenyekiti alichukua ufunguo wa pikapu, akasema kesi itasikilizwa kesho yake nikitoka shule. Bwana afya alikataza nyama isiliwe, kwa hiyo vijana walichimba shimo, wakamfukia Bibi Harusi.

Jioni Kofia hakunyamaza. Mama aliomba maziwa kwa jirani, akayatia kwenye chupa, akamnywesha kidogo kidogo huku anambembeleza.

"Dereva akilipa tutanunua mwingine," mama aliniambia. "Na huyu atakua."

"Na asipolipa?"

"Ikionekana kosa ni letu, sisi ndio tutakaolipia gari la watu. Na hatuna kingine cha kulipia, ila huyu."

Nilimwangalia Kofia, nikajiapiza kwamba nitakufa na siri yangu.

Kesho yake tuliketi kwenye ofisi ya mwenyekiti, chumba chenye meza moja na mabenchi mawili. Mama alinishika mkono. Dereva wa mayai alikaa mkabala nasi, plasta usoni, macho mekundu. Mwenyekiti alimpa nafasi ajitetee.

"Sina la kujitetea," dereva alisema. "Jana nilisema ng'ombe alikuwa peke yake kwa sababu sikumwona mtu. Lakini mtoto anasema alikuwepo, na mtoto aliyekumbatia ng'ombe wake vile hawezi kuwa anadanganya. Basi ni mimi ambaye sikumwona. Jua lilinipiga machoni." Alijifuta uso. "Miaka kumi na tisa naendesha. Jana ilikuwa chupuchupu nimuue mtoto wa mtu, na wala nisingejua nimegonga nini. Tangu jana nikifumba macho namwona chini ya gurudumu. Nitalipa kidogo kidogo. Gari nitamrudishia mwenyewe. Sishiki usukani tena."

Kisha akanigeukia. "Nisamehe, mwanangu."

Nilitaka kunyamaza. Sitaficha hilo. Nilimfikiria Kofia, nikauma meno, nikatazama sakafu. Lakini mtu mzima mwenye umri wa baba yangu alikuwa analia mbele yangu kwa jambo ambalo halikutokea, nami peke yangu ndiye niliyejua kwamba halikutokea.

"Baba, usiache kuendesha," nikasema. "Macho yako ni mazima. Mimi sikuwepo."

Mkono wa mama uliuachia wangu.

Nilisema yote: baraza ya fundi, kamba, miruko, kitambaa kilichobaki kwenye majani. Kasuku, aliyekuwa akichungulia dirishani, aliangua kilio. "Ni mimi niliyeomba kamba! Ni mimi!"

Dereva alijifunika uso kwa mikono yote miwili. "Kwa hiyo hapakuwa na mtoto," alirudia. "Hapakuwa na mtoto."

Mwenyekiti alimgeukia mama yangu. "Mama, unaijua sheria," alisema.

"Naijua," mama akajibu. "Tuna ndama."

"Gari lingekuwa langu, ningeondoka tu," dereva alisema kwa huzuni. "Lakini si langu, na mayai si yangu."

Alirudi siku ya tatu, pikapu ikiwa imetengenezwa, akiendesha mwenyewe polepole. Nilimfungua Kofia. Alininyonya vidole njia nzima mpaka kwenye gari, akidhani vina maziwa. Dereva alimpandisha kwa upole, akamtandikia magunia asiumie. Tuliusikia mlio wake mpaka pikapu ilipopita kona.

Mama hakuwa amesema nami sana tangu siku ya ofisi. Sasa alinikalisha chini bandani.

"Yule ng'ombe nilimpata kwa misimu minne ya kulima mashamba ya watu," alisema. "Kumfungua kwa ajili ya mchezo ni kosa la mtoto, na mtoto hukosea. Lakini ulipodanganya, ulichagua mtu mwingine alipe kosa lako. Ukamwacha alale akijiona muuaji. Hilo limeniuma kuliko ng'ombe."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila sikia. Utakosea tena, kila mtu hukosea. Siku hiyo, sema palepale, ukiwa bado unatetemeka. Usingoje mtu aumie kwanza."

Nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma. "Ningenyamaza, Kofia angekuwepo?"

"Angekuwepo," mama alisema, hakunificha. "Na yule baba angekuwa amekaa kwake, anaogopa barabara, watoto wake hawana kitu. Sisi tungekuwa tunakunywa maziwa."

Akanivuta kifuani, tukalia sote wawili kwenye banda tupu.