Mgeni wa Upande B

Kwenye kava la kanda waliandikwa wageni kumi na mmoja. Wasikilizaji walimsifia wa kumi na mbili.

Faraji, rapa mwenye kanda, alilisikia hilo kwanza kwa muuza kanda wa Mwananyamala. "Braza, yule wa mwisho upande B umemtoa wapi? Watu wanarudisha kanda kwa kalamu wamsikie tena. Nyie wengine wanawaruka."

Faraji akacheka. Upande B uliishia kwa mdundo mtupu. Nafasi ile ilikuwa ya rapa wa Temeke aliyeahidi kuja, asitokee.

Jumapili mhakiki wa gazeti akaandika kwamba albamu imejaa wageni hadi mwenyewe anasikika kama jirani aliyepita kuomba chumvi, "ila yule wa mwisho, asiyetajwa jina, anaamini anachosema." Ulikuwa uhakiki wa haki, na huo ndio ubaya wake. Faraji alilikunja gazeti, akanywa chai. Hakuumia. Hakuhisi chochote, hata sukari.

Tangu hapo, kila sifa ya yule mgeni ilipofika, sauti ya Faraji ilipungua. Mama yake, Bi Munira, akampa tangawizi. Nyumba ikaanza kunuka udi ambao hakuna aliyeuchoma.

Mchana mmoja Albano, fundi aliyerekodi kanda ile, akaja na redio yake. Wakasikiliza wote watatu. Kabla ya ule mdundo mtupu, hodi ilisikika, kisha Faraji akichangamka: "Karibu! Karibu, maiki ni yako!"

Halafu ikaanza sauti ambayo hawakuijua.

"Hii sijairekodi mie," Albano alinong'ona.

"Hodi hiyo ilikuwa saa ngapi?" Bi Munira aliuliza.

"Magharibi, mama," Albano alijibu.

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe uliuliza ni nani?"

Faraji akatikisa kichwa. "Nilidhani jamaa wa Temeke," alikwaruza.

"Mtoto wa pwani, unaitikia hodi ya magharibi bila kuuliza nani!"

Akaitwa Bi Somoe, mganga wa Kimbiji, ambaye hakuwa na muda wa mbwembwe. Hakutaka kuku wala kaniki. "Aliyekaribishwa hafukuzwi," alisema. "Anaagwa. Na anaagwa na yuleyule aliyemkaribisha, kwa sauti yake mwenyewe. Sema kwaheri mgeni, mwanangu, kabla haijakwisha."

Faraji akakaa mkekani, akaitafuta ile sauti kidogo iliyobaki, nayo ikaanza kupanda kooni taratibu, ila wakati huohuo redio ya kinyozi wa jirani ikafika mwisho wa upande B, na vijana waliokuwa wakisubiri kunyolewa wakapiga makofi na kelele, "Huyo! Huyo ndiye! Rudisha!", na udi ukajaa chumbani hadi Albano akaziba pua, na Bi Munira akaushika mkono wa mwanawe akauona baridi kama mtungi, na midomo ya Faraji ikafunguka.

"Kwaheri," ilisema sauti ya kandani, safi, ya kupendeza, "Faraji."

Udi ukakatika palepale. Bi Somoe akaanza kufunga kifurushi chake bila kumtazama mtu.

"Faraji?" Bi Munira aliita. "Baba?"

Kijana akakivuta kikombe cha chai iliyopoa, akanywa yote, akalamba midomo.

"Tamu," alisema.