Tapeti Isiyoisha Hewa

"Mbona mtu anabisha hodi, na hakuna anayemkaribisha?"

Mama aliuliza hivyo jioni moja, taa bado hazijawashwa, sebule imejaa watu waliosema wamekuja kumjulia hali. Baba mdogo alitazama kucha zake. Mke wa fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikohoa kikohozi kisichotoka kifuani. Watu walewale ambao habari za wenzao wanazishona usiku na mchana, jioni hiyo uzi uliwakatikia wote kwa pamoja.

Binti yake alisimama mlangoni akisikiliza. Mtaa unamwita Nati, kwa sababu ni mdogo wa umbo, na akishakaza neno halifunguki. Nati hakusikia mtu yeyote. Alisikia injini.

Ko, ko, ko, ko.

Mama alikuwa ameliwasha tena lile gari la gereji, akaliacha likinguruma na kuja kuketi na wageni.

Nyumba yao imepakana na gereji, mlango mmoja tu wenye pazia unazitenganisha. Ndani ya gereji lilikaa gari la mbio la kaka yake Nati. Kaka aliliita Ngiri, kwa kuwa pua yake ilikaribia kufagia ardhi, na likiwashwa linakoroma. Alilijenga kwa mikono yake, yeye na Nati, bolti kwa bolti, na alikuwa akilipandisha milimani kushindana na wenzake. Kisha tapeti zikaanza kuchoka.

Tapeti ni vikombe vidogo vya chuma vinavyokaa juu ya valvu. Zile za Ngiri hujazwa oili, na oili hiyo ndiyo inayoziba mwanya ili chuma kisigonge chuma. Tapeti ikiingiwa na hewa, au uchafu ukiziba tundu lake, inaanza kugonga. Basi. Hakuna jini hapo.

Kaka alikwenda mjini kwa miguu kutafuta tapeti mpya. Akazipata. Akiwa njiani kurudi, jua likiwa limekwisha kuzama, lori lisilo na taa likamkuta pembeni mwa barabara. Boksi la tapeti lililetwa nyumbani pamoja na nguo zake, halina hata mkunjo. Nati aliliweka kwenye rafu, juu kabisa, mahali ambapo mkono wake haufiki bila kupanda kitu.

Tangu hapo, kila jioni Mama aliingia gereji, akaketi kwenye usukani, akageuza ufunguo na kusikiliza. Alisema ni mwanawe huyo anabisha. Yuko nje, giza linamkuta, na watu wa ndani wamekuwa viziwi.

Mtaa nao ukaanza kusema. Mwanamke akilia wiki moja ni mfiwa. Akilia mwaka mzima ni mchawi. Nani aliyepanga kipimo hicho? Hajulikani, ila kila mtu anacho mfukoni. Walisema kijana yule hakufa kifo cha Mungu. Mama yake kamficha ndani ya gari na anamlisha moshi. Kuku wa mtu wakifa, Mama. Mtoto wa mtu akiota vibaya, Mama. Wanawake waliokula naye sahani moja wakawa wanavuka barabara wakimwona, na waume zao wakakaa kikao.

Baba mdogo ndiye aliyetumwa kuleta maneno ya kikao. Wageni walipoondoka alimwita Nati uani.

"Mwanangu, mimi siamini mambo hayo," alisema, akiangalia ukutani. "Lakini watu wanaamini. Linyamazishe hilo gari. Wakilisikia tena, watakuja kumtoa mama yako, na hawatakuja na maua."

Nati alimweleza habari za tapeti, oili na mwanya, mwanzo mpaka mwisho. Akamwambia ni chuma kinagonga chuma.

"Basi kigonge kimya," alijibu Baba mdogo, na akaenda zake.

Ndiyo sababu siku iliyofuata, jua likianza kushuka, Nati alipanda juu ya tairi kuukuu na kulishusha lile boksi. Mama alikuwa ndani, amejilaza. Nati alifunga mlango wa nje wa gereji kwa komeo, akainua boneti, akawasha taa ya mkono na kuitundika juu.

Kazi yenyewe aliijua. Alifungua kifuniko cha juu, akalegeza kemshafti, ule mtaimbo unaozikandamiza tapeti, kidogokidogo ili isipinde, akaitoa na kuilaza juu ya gunia safi. Kisha akaanza kuzivuta tapeti kuukuu kwa sumaku, moja moja, akizipanga kwenye trei kwa mfuatano wake. Iliyokuwa ikigonga alipoigusa tu aliijua. Tundu lake lilikuwa limezibwa na uchafu mweusi, mgumu kama masizi ya sufuria. Akaikandamiza kwa kidole gumba. Ikabonyea bila ubishi, haina oili hata tone.

Nati alicheka peke yake. Akatamani mtu wa kumwonyesha. Ule uzushi wote, hofu yote ile, chanzo chake kilienea kwenye kiganja.

Mtu wa kumwonyesha hakuwepo. Zamani wangekuwa wawili juu ya injini hii, vichwa vinagongana, kaka yake akimwambia asogee maana kivuli chake ni kikubwa kuliko yeye.

Akafungua boksi.

Harufu ilimpanda puani kabla hajaona kitu. Si ya oili wala chuma kipya. Ilikuwa harufu ya barabara baada ya mvua... vumbi lililolowa. Na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita.

Tapeti mpya hazifungwi zikiwa kavu. Unalijaza bakuli oili, unaizamisha tapeti, unaibonyeza taratibu mpaka hewa yote itoke. Mapovu yakikoma, imeshiba. Ukiwa na haraka ukaifunga na hewa yake, itagonga vilevile. Nati alizamisha ya kwanza, akabonyeza. Mapovu machache, kisha kimya. Ya pili hivyohivyo. Akaendelea, zilizoshiba akiziweka pembeni, mpaka ikabaki ya mwisho.

Akaizamisha. Akabonyeza.

Mapovu.

Akabonyeza tena. Mapovu. Akangoja, mikono imezama mpaka vifundoni, mwanga wa nje ukififia kwenye nyufa za mlango. Yalikuja madogomadogo, mfululizo, kisha yakatulia... yakaja tena. Yakatulia. Yakaja.

Kitu hicho hakizidi kizibo cha chupa. Hewa yote hiyo ilikaa wapi?

Nati alijikuta anapumua pamoja nayo. Ikitoa, anatoa. Ikitulia, anatulia. Hapo akajua anasikiliza nini, ila hakuliruhusu neno lenyewe lifike kichwani. Aliendelea kuibonyeza, polepole, vile mtu anavyomshika mgonjwa mkono.

Ko.

Mkono wake ukasimama.

Ko... ko.

Akaitazama injini. Imefunguka, kemshafti iko juu ya gunia, vishimo vya tapeti vitupu. Hakuna cha kugonga.

Mlango ndio uliogongwa.

Sasa, mtu aliyekulia gereji ana mazoea yake. Umeinama, mikono imejaa oili, mteja anabisha, nawe humsubirishi, huinui hata kichwa. Neno linatoka lenyewe. Nati alilisema tangu ana meno ya utoto, mara nyingi kuliko jina lake. Akalisema sasa, mgongo ukiwa mlangoni.

"Karibu."

Mapovu yakakoma.

Mlango haukufunguka. Komeo lilikuwa palepale, halijasogea. Lakini ubaridi ulimpitia nyuma ya shingo, ukitoka upande wa mlango kwenda upande wa nyumba, mwendo wa mtu asiye na haraka. Vumbi la sakafuni likainuka kidogo, likatua. Harufu ya barabara iliyolowa ikajaa gereji nzima.

Pazia la mlango wa nyumba likavimba... likarudi mahali pake.

Ndipo ndani ya bakuli, kutoka kwenye ile tapeti aliyokuwa bado ameishika, likapanda povu moja kubwa. Likakaa juu ya oili, zito, likimwonyesha uso wake mwenyewe umepindapinda.

Likapasuka.

Na sauti ikatoka nalo, ndogo, imechoka, sauti anayoijua kuliko yake.

"Nati... mimi nimegonga lini?"

Nati akashika ukingo wa benchi. Maana ilikuwa kweli. Kaka yake hakugonga mlango hata siku moja maishani mwake. Alianza kupiga hodi akiwa bado konani, kwa sauti ya kuamsha mtaa, hodi wenyewe, hodi wenye njaa, na kabla hujajibu ameshajikaribisha na kufunua sufuria. Mama alimgombeza kwa hilo miaka yote. Halafu Mama huyohuyo, kwa uchungu, akasahau. Na Nati, bingwa wa hoja, aliyewaeleza watu wote habari za oili na mwanya, naye hakujiuliza.

Aliibonyeza tapeti. Akaibonyeza tena, akimwita kaka yake kwa kunong'ona. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Imeshiba.

Kutoka ndani ya nyumba ilisikika sauti ya Mama, nyepesi, yenye furaha ambayo haikusikika tangu msiba.

"Umekuja, mwanangu. Mbona umechelewa hivyo?"

Nati alikimbilia ndani. Mama alikuwa ameketi kitandani, kajifunga khanga vizuri, anatabasamu. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa hewani, umelegea, kama ulioshikwa.

Hakukuwa na mtu. Kiti kilicho kando ya kitanda kilikuwa na unyevu.

Kazi aliimaliza. Angefanyaje? Alizifunga tapeti mpya zote, akairudisha kemshafti, akakaza kifuniko. Asubuhi Baba mdogo alikuja na wajumbe wa kikao, na Nati akageuza ufunguo mbele yao. Ngiri lilikoroma laini, bila kugonga hata mara moja. Baba mdogo aliweka sikio kwenye boneti, akatikisa kichwa, akamsifu Nati kwamba ana mikono ya kaka yake. Mke wa fundi cherehani alileta maziwa. Waliongea, wakacheka, wakaenda. Hakuna hata mmoja aliyemwomba Mama msamaha.

Mama hana haja nao. Haendi tena gereji. Anakaa chumbani na mgeni wake, wanaongea jioni nzima, yeye kwa sauti, mwenzake kwa kugonga ubao wa kiti. Anazidi kukonda, na anazidi kufurahi. Mashavu yake yameingia ndani, ila ukimuuliza, atakuambia hajawahi kushiba kama siku hizi.

Nati atamwambia nani? Akifungua mdomo tu, akisema mama yangu anaongea na kitu, kikao kitakaa kabla chai haijapoa. Aliwashinda kwa hoja, na hoja hiyohiyo imemfunga mdomo. Kwa hiyo ananyamaza. Analala kwenye kiti cha Ngiri, boneti imefungwa juu ya injini iliyopona. Wakati mwingine anaiwasha, akitumaini imerudia ugonjwa wake. Haijarudia. Fundi mzuri ana hasara zake.

Na kugonga hakukukoma.

Kila jioni, nuru ikiwa inakata, mlango wa nje unagongwa. Ko... ko... ko. Nati anabana midomo kwa vidole vyenye oili, asije akajisahau. Wateja wake wa jioni wamepungua, kwa sababu wanagonga, hawajibiwi, wanaondoka wakisema binti amekuwa na maringo.

Juzi, mlango ulipogongwa hivyo, Mama aliuliza tena kutoka chumbani.

"Mbona mtu anabisha hodi, na hakuna anayemkaribisha?"

Safari hii alijibiwa. Kiti kililia, kama mtu anayegeuka kutazama upande wa gereji. Na sauti ambayo si ya kaka yake, sauti inayojifunza bado namna ya kutamka, ikasema taratibu:

"Nati... atamkaribisha."

Basi wewe unayesikia haya, kama gari lako litaharibika na ukaelekezwa kwa fundi yule mdogo wa umbo, na ukafika jua linazama, nakuomba kitu kimoja. Usigonge. Simama konani, na upige hodi kwa sauti.