Koki Mpya ya Shangazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cheche alisafisha tangi la maziwa la shangazi yake. Alianza na maji baridi, akafuata na maji ya moto na sabuni, akasugua kila pembe kwa brashi ndefu, kisha akasuuza. Jina la Cheche alipewa nyumbani kwa sababu ya hasira zake za karibu. Lakini kwenye kazi, msichana huyo hakuwa na mchezo.

Chumba cha maziwa kilikuwa nyuma ya nyumba. Shangazi alinunua maziwa kwa wafugaji, akayachemsha, akayapoza ndani ya tangi la chuma, kisha akayauza. Chini ya tangi palikuwa na koki, na ndani ya koki mlikuwa na tufe la chuma lenye tundu katikati. Ukigeuza mpini, tundu huelekea kwenye bomba na maziwa hutiririka. Ukiurudisha, tufe huziba njia. Koki ya zamani ilipoanza kuvuja, shangazi alinunua mpya, inayong'aa hata ungeweza kujitazama usoni.

Tangu koki hiyo ilipowekwa kwenye tangi, maziwa yalianza kuharibika mapema.

Asubuhi moja muuguzi wa wadi ya watoto hospitalini alirudisha ndoo nzima, wateja wengine wakiwa kwenye foleni.

"Mama, maziwa ya jana yamekatika hata jioni haijafika," alisema. "Wale ni watoto wagonjwa. Yakikatika tena, tutanunua kwingine."

Shangazi alimgeukia Cheche. "Unaona uvivu wako? Tangi unalilamba tu kama paka, halafu unaniambia umeosha!"

Watu wakacheka.

"Nimeosha, shangazi."

"Usinijibu! Mchafu mkubwa wewe! Nitatafuta mtu mwingine wa kunioshea tangi langu."

Cheche alikwenda shule. Kuitwa mchafu, tena mbele ya watu, na mikono yake bado ilinukia sabuni! Siku nzima hakusikia mwalimu alifundisha nini. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa ya haki.

Aliporudi, hata sare hakuvua. "Shangazi, njoo usimame hapa," alisema. "Uone kwa macho yako ninavyoosha."

Shangazi alisimama, mikono kifuani. Cheche akaosha, akasugua, akasuuza, akafunga koki. Shangazi akaingiza kichwa ndani ya tangi, akanusa, akatafuta kosa, asilione.

"Leo umeosha kwa sababu nimekusimamia," akasema.

Hapo Cheche alishindwa kuvumilia. "Naosha hivi hivi kila siku!" alipiga kelele, akaushika mpini wa koki na kuuvuta kwa nguvu zote.

"Utanivunjia koki, wewe!" Shangazi akamdaka mkono, na mpini ukasimama katikati, koki haijafunguka wala haijafungika.

Kitu kikadondoka juu ya kandambili za shangazi. Hayakuwa maji. Yalikuwa mabonge meupe ya maziwa, yenye uvundo wa kutapisha.



"Tangi ni tupu," shangazi akasema polepole. "Haya yametoka wapi?"

"Ndani ya koki," Cheche akajibu. "Siku zote tunaifungua yote au tunaifunga yote. Hatujawahi kuiacha katikati."

Shangazi alitazama mabonge yale kwa muda. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," akanong'ona.

Kesho yake walikwenda pamoja kwenye duka la vifaa vya bomba. Shangazi aliibwaga koki mezani. "Umeniuzia sumu!"

"Mama, hii ni nzuri sana kwa maji," muuzaji alijitetea. "Pembeni mwa tufe kuna nafasi. Kinachoingia humo hulala humo, na koki yenyewe haifunguki uioshe. Maji hayana neno, lakini maziwa huoza."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukusema ni ya maziwa. Ulisema unataka inayong'aa."

Muuzaji akatoa koki nyingine kadhaa, na mkono wa shangazi ukaenda tena kwenye iliyong'aa kuliko zote.

"Hiyo hapana!" Cheche akadakia. Alionyesha moja iliyofifia, ya vipande vitatu vilivyoshikwa na bolti. "Tafadhali, nifungulie hii nione ndani."

Muuzaji alilegeza bolti, kipande cha kati kikatoka. Tufe lilikuwa limekumbatiwa pande zote na kizibo cheupe cha plastiki, pasipo nafasi ya maziwa kujificha, na kila kipande kiliweza kutolewa na kuoshwa.

"Tunachukua hii," Cheche akasema.

Njiani shangazi alimgusa bega. "Haya, yameisha, mwanangu. Usininunie."

Cheche alisimama. "Hayajaisha, shangazi. Ulinisema mbele za watu. Ukiniomba radhi huku njiani, wale wataendelea kudhani mimi ni mchafu."

Uso wa shangazi ulikunjamana. Akamtangulia kwa hatua za haraka hadi nyumbani, na Cheche alilala akidhani amevuka mpaka.

Asubuhi foleni ilikuwa ndefu, na muuguzi alikuwemo na ndoo yake. Kabla ya kumpimia mtu yeyote, shangazi aliinua mkono.

"Jamani, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Huyu mtoto nilimwita mchafu mbele yenu. Tangi aliliosha. Koki mbovu niliichagua mimi, kwa sababu inang'aa. Nisamehe, mwanangu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nimekusamehe, shangazi."

"Kazi ikiharibika, tukague kazi kwanza kabla ya kumshika mtu," shangazi akaendelea. "Nilipokuwa nagombeza, uchafu ulikuwa unakwenda kwa wagonjwa. Na wewe Cheche, ukiwa na haki, isemee kama ulivyoisemea mbele yangu jana. Ila mpini wangu usiuvute kwa nguvu tena!"

Kisha akamkabidhi spana ya kufungulia bolti za koki mpya. Kesho yake muuguzi alirudi, na safari hii alikuja na ndoo mbili.