Nilimchagulia Shemegi Yangu Tairi za Theluji

Nna miaka hamsini na tatu. Naishi peke yangu katika fleti ya vyumba vitatu hapa Darsait, Maskat, na vyumba viwili sivifungui ila kufuta vumbi. Nimezaliwa Unguja, wazee wangu wakanileta Omani nikiwa kijana. Wazee wameshatangulia. Mke nilikuwa naye, tukaachana bila ya mtoto. Jamaa wa damu niliyebaki naye duniani ni mmoja tu, mdogo wangu wa kike, Zuwena... naye hasemi nami.

Nawaandikia nyinyi msionijua, kwa sababu wanaonijua siwezi tena kuwatazama machoni.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na duka la tairi, hapa hapa Darsait. Nilikuwa na fundi mmoja tu, Rajan, Mhindi wa Kerala, mtu mwembamba, asiyesema sana, hodari kuliko mimi mwenye duka.

Huku mvua tunaingoja mwaka mzima, na ikija huja na hasira. Miezi ya baridi wadi, yale mabonde makavu, zinateremka maji, barabara zinakatika, na wale wenye nyumba zao Al Amerat, wanaovuka mlima kila asubuhi kuja kazini Ruwi, ndipo wanapozikumbuka tairi zao. Kila mmoja anataka kitu kimoja: tairi itakayoshika barabara kwenye maji, na hiyo hiyo istahimili jua la Julai.

Mwaka mmoja dalali akaniletea mzigo wa tairi zilizotumika kidogo katika nchi za baridi. Kwa macho zilikuwa nzuri mno! Meno marefu, yamechanjwa michirizi midogo midogo kama ya wembe, na ubavuni herufi mbili, M na S. Rajan akaitia kucha moja. Kucha ikazama, alama ikabaki.

"Arbab," akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuvunjika, maana ndivyo mafundi wanavyotuita sisi mabosi, "hizi za theluji. Mpira wake laini. Sasa baridi, sawa. Jua likija zitapikika."

Nilijua anasema kweli. Herufi zile ni za Kiingereza, "mud and snow", yaani matope na theluji. Zipo tairi za misimu yote zenye herufi hizo hizo, lakini hizi hazikuwamo katika hizo. Hizi zilikuwa za theluji tupu. Nami nikawa nawaambia wateja huku nacheka: "M ni mvua, S ni safari. Nenda nazo popote!"

Wakacheka, wakanunua. Mvua ikanyesha, na kweli tairi zikashika barabara. Watu wakarudi kunishukuru... Nani atajiona mwongo na huku anashukuriwa?

Mume wa Zuwena akiitwa Nassor. Alikuwa mwalimu wa hesabu, Mwomani aliyezaliwa Bujumbura. Kiswahili chake cha bara tukikicheka nyumbani, na yeye akicheka kutushinda. Nilipoachana na mke wangu, majirani na marafiki walikuja wiki ya kwanza kunipa pole, kisha kimya. Nassor hakunyamaza. Kila Ijumaa baada ya sala alipanda ngazi zangu na Zuwena, mkononi chungu cha biriani kimefungwa kwa kanga. Aliniambia mara moja tu, wala hakurudia: "Shemeji, mtu asile Ijumaa peke yake." Mimi nikimwita shemegi kwa Kiunguja, yeye akiniita shemeji, na mambo yakaenda hivyo.

Basi mtu huyo ndiye niliyemfanyia niliyomfanyia.

Alikuja dukani katikati ya baridi. "Nichagulie wewe," akasema. "Mimi najua hesabu tu. Kila siku navuka mlima na dada yako. Nataka za mvua na za jua."

Saizi yake nilikuwa nayo mafungu mawili. Moja lilikuwa la misimu yote kweli kweli, lakini nilikuwa nimemwahidi mteja mkubwa, mtu mwenye magari mengi, naye angekuja alasiri kulichukua. La pili lilikuwa la theluji. Nilisimama kati ya mafungu yale... wala sikusimama sana. Mteja angekasirika na kuondoka moja kwa moja. Nassor alikuwa wangu, angeondoka aende wapi?

Nikamfungia za theluji. Akataka kulipa, nikamkatalia. "Zawadi," nikamwambia. Akanikumbatia mbele ya watu! Moyoni nikajiambia, kabla ya joto ntambadilishia.

Joto likaja. Kila Ijumaa niliiona gari yake chini ya dirisha langu, na kila Ijumaa nikasema wiki ijayo. Kuzibadilisha halikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa kumwambia kwa nini.

Ikafika siku ya Alkhamisi, mwezi wa Juni, skuli zimefungwa. Nassor alikuwa anakwenda Sur kumtazama shangazi yake mgonjwa. Zuwena alibaki, hakupata ruhusa kazini. Asubuhi Nassor akapita dukani kutia upepo.

Rajan aliinama, akapitisha kiganja juu ya tairi ya nyuma. Kingo zilikuwa zimeliwa, na mpira una nyufa ndogo ndogo. Akainua uso, akanitazama. "Arbab..."

"Tia upepo," nikamwambia.

Nassor akauliza, "Zina tatizo, shemeji?"

"Hapana. Nenda taratibu tu, jua kali."

Wasomaji wangu, gari yangu mwenyewe ilikuwa hatua kumi kutoka pale, imeegeshwa kivulini, na tairi zake nzima. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ningesema, "Chukua hii, yako iache." Maneno manne! Lakini angeuliza kwa nini, na mimi sikutaka kuulizwa. Nikampungia mkono.

Simu ikaja baada ya Alasiri. Mbele ya Ibra, njia ya Sur, tairi ya nyuma ilikuwa imebanduka, gari ikapinduka. Nassor hakufika hospitali.

Askari walisema ni joto. Watu wakasema ni kadari ya Mungu. Nikakaa matangani siku tatu napokea mikono ya watu, "Stahimili, ndugu yetu, Mungu atakupa subira," na kila mkono niliupokea kama mwizi anayepokea amana.

Zuwena alikaa edda yake Al Amerat. Alipotoka nikamleta kwangu, maana hawakujaaliwa mtoto na nyumba ile ilikuwa ikimwelemea. Akanipikia, akanipigia pasi kanzu zangu. Niliwahi kumsikia akimwambia jirani, "Mungu kanichukulia mume, lakini kaniwachia kaka." Nilikuwa mezani. Niliacha kula, nikasingizia mwiba wa samaki.

Tairi zote za theluji zilizobaki nilizitoa nikazikata kwa msumeno, mwenyewe, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Rajan alikwenda likizo kwao, hakurudi. Hakuniaga kwa ubaya, hakunitisha, hakurudi tu. Sasa aliyejua nilikuwa mimi peke yangu. Nilidhani nitapumua. Wapi! Kumbe upweke hauji kwa kukosa watu. Nilikuwa nakaa na dada yangu sahani moja, na hapana aliyekuwa mpweke Maskat nzima kunishinda mimi.

Miaka mitatu ikapita hivyo.

Zuwena akajifunza kuendesha. Alipopata leseni akanunua gari ndogo, akaja nayo dukani asubuhi moja, anacheka. Tangu afiwe sikuwa nimemwona akicheka vile. Akashuka, akasema:

"Kaka, nichagulie tairi. Nataka kama zile ulizomwekea marehemu, akizisifu mno, ajali ile ni ya joto tu. Za mvua na za jua."

Nikakaa juu ya tairi iliyolala pale chini, nikamweleza yote. Mteja mkubwa, mafungu mawili, kucha ya Rajan, yote.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliuliza polepole, kama anayesoma karatasi:

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile alipokuja kutia upepo... ulijua?"

"Nilijua."

"Na gari yako wewe ilikuwa wapi?"

Niligeuka nikatazama pale ninapoiegesha. Akaningoja.

"Kivulini," nikasema.

Akatikisa kichwa mara moja, akaingia garini, akaondoka. Niliporudi nyumbani mchana, chumba chake kilikuwa kitupu. Kitanda alikuwa amekitandika.

Nilikwenda polisi nikaeleza, wakasema neno liko kwa watu wa marehemu. Nilikwenda kwa watu wa Nassor, nikapiga magoti. Wakaniambia damu wameisamehe, diya, ile fidia ya damu, hawaitaki, na wakaniomba nisirudi tena. Nikafunga miezi miwili mfululizo, kafara ya aliyeua bila ya kukusudia, kama sheria ilivyo. Adhana ya Magharibi ikisomwa, nakaa mbele ya tende tatu na maji, navisikia vijiko vya jirani ukutani.

Wazee wa mtaa wakatukutanisha mimi na Zuwena. Nilivaa kanzu mpya... mjinga mimi, nilidhani naenda kurudishiwa ndugu. Zuwena alisema mbele yao: "Nimemsamehe kwa ajili ya Mungu. Sitomshitaki kesho Akhera. Lakini kukaa naye sahani moja siwezi. Msinilazimishe." Wazee wakatazama chini. Mimi nikasema ana haki.

Huu ni mwaka wa sita tangu aondoke kwangu. Siku ya Idi navuka mlima kwenda Al Amerat alikorudi, namgongea mlango. Najua yumo, gari yake iko nje. Hafungui. Nasema "Idi njema, mdogo wangu" kupitia mbao, kisha nateremka.

Duka bado ninalo. Mteja akija namwambia bila kuulizwa: ya theluji ukiiona popote, usiiguse, mpira wake laini kwa jua letu. Hii ya misimu yote, lakini tazama mwaka iliotengenezwa. Hii ya joto, kwenye mvua punguza mwendo. Wengine wananiona mzee mwenye maneno mengi, wanakwenda duka la pili. Waende.

Ndugu zangu, nawaomba! Unaponunua tairi, usichague kwa uzuri wa meno yake, wala kwa mzaha wa muuzaji. Uliza imetoka wapi na imetengenezwa kwa hali ya hewa ya wapi. Na wewe unayeuza, au unayepika, au unayejenga, usimpe mtu wako kitu kibovu kwa kuwa unajua hatokugombeza. Wanaotuamini bila ya kuuliza ndio tunaopaswa kuwaogopea Mungu zaidi.

Na kama umeshateleza, na unaona aibu kusema, na mtu mwenyewe ndiyo kwanza anatia ufunguo... mkimbilie! Simama mbele ya gari yake. Aibu hiyo utaionja mchana mmoja, kisha Ijumaa mtakula pamoja.