Nimeona, Alisema Redio

Kila Jumamosi alasiri, sinema ikikaribia kuisha, Redio aliketi kizingitini pa duka la kinyozi, daftari magotini na penseli sikioni. Ukumbi wa sinema ulikuwa ng'ambo ya barabara. Milango ilipofunguliwa, watu walitoka wakipepesa macho kwa mwanga wa jua, midomo ikianza kazi kabla ya miguu. Redio alinyamaza akasikiliza. Huo ndio wakati pekee alionyamaza katika wiki nzima, maana jina hilo la Redio hakupewa bure.

Alikuwa darasa la sita, na mwalimu wa Kiswahili alimpa safu yake mwenyewe katika gazeti la ukutani, lile lililobandikwa kila Jumatatu nje ya ofisi ya walimu. Safu hiyo iliitwa "Nimeona". Ilikuwa na sharti moja tu: mwandishi aandike alichokiona kwa macho yake. Redio alilijua sharti hilo vizuri sana. Lakini mwaka uliopita aliingia ukumbini kuangalia filamu ya kutisha, na muziki wa mwanzo tu ukamtoa mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena mle ndani, wala hakumwambia mtu. Aliandika maoni ya wengine, akaweka jina lake chini, na shule nzima ikamwona mjuzi.

Ilipoonyeshwa filamu ya shujaa anayeruka juu ya majengo, dereva wa lori alitoka akinung'unika kwamba shujaa ni yule yule, koti tu limebadilishwa. Redio aliiandika kauli hiyo kama ilivyo, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa kwa sauti. Redio alipigiwa makofi kwa maneno ya dereva wa lori, na hakuona aibu hata kidogo.

Kisha ikaja filamu ya kutisha iliyoitwa Mwanamke wa Kisimani, ikawa inaonyeshwa kila Jumamosi. Siku ya kwanza kinyozi alitoka mbele ya wote.

"Haitishi," alisema huku akifungua duka lake. "Nilikaa napiga miayo tu."

"Kitu gani cha kutisha pale?" akadakia fundi cherehani wa duka la jirani. "Hata mtoto wa chekechea angecheka."

Jumatatu gazeti likabandikwa: "Nimeona Mwanamke wa Kisimani. Haitishi. Nilipiga miayo. Hata mtoto wa chekechea angecheka."

Wiki mbili baadaye, Kibiriti alimsubiri langoni. Kibiriti alikuwa msichana, rafiki yake tangu darasa la kwanza, wakikaa dawati moja, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuchelewa kuwaka. Asubuhi ile alikuwa ameshawaka zamani.

"Huyo mwanamke wa kisimani ulimwona?" aliuliza.

"Nilimwona."

"Nywele zake zikoje?"

"Ndefu," alisema Redio. "Nyeusi."

"Hana nywele. Mdogo wangu alimwona, hana hata unywele mmoja, Redio."

Kibiriti alimsogelea. Alieleza kwamba bibi yao alikuwa amempeleka Komando kuiona filamu ile. Komando alikuwa mdogo wake wa miaka mitano. Tangu alipomwona yule shujaa anayeruka, alishinda na taulo limefungwa shingoni kama koti la shujaa, akiruka kutoka kitini hadi kitini. Sasa taulo lilikuwa limehamia kichwani, limemfunika uso. Hakutaka kuoga. Akiona ndoo ya maji alipiga kelele, kwa kuwa huyo mwanamke hutokea majini. Kitanda alikilowesha kila siku, na watoto wa chekechea walikuwa wamemcheka mpaka akakataa kwenda shule.

"Bibi alisita," alisema Kibiriti. "Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia, Redio ameiona, na Redio hawezi kuniongopea. Niliapa kwa ajili yako mbele ya bibi yangu."

Alipoingia darasani, Kibiriti alibeba vitabu vyake akahamia dawati la nyuma, karibu na dirisha bovu.

Redio alikasirika. Alikasirika siku nzima, na mchana alikwenda moja kwa moja dukani kwa kinyozi. Alisahau hata kuamkia.

"Ulisema haitishi," alimwambia.

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. "Nini haitishi?"

"Mwanamke wa Kisimani. Mtoto ameiona, sasa haogi, halali, haendi shule. Ulisema ulipiga miayo."

Kinyozi alitazama ukutani, akatazama wembe wake, akainamisha kichwa. "Nilifumba macho," alisema taratibu. "Tangu kisima kilipotokea mpaka taa zikawaka."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Mtu mzima, ana duka na wateja, aseme ameogopa picha? Wangenicheka."

Fundi cherehani alikuwa amechungulia mlangoni. Redio akamgeukia.

"Mimi sikufumba macho," fundi alijitetea. "Nilikuwa chini ya kiti. Nilidondosha sindano."

"Muda wote?"

"Ilikuwa sindano ndogo."

Mteja aliangua kicheko. Redio hakucheka. Aliwaambia kwamba wao ni watu wazima na wamemfanya mtoto mdogo ateseke kwa sababu ya majivuno yao, na maneno mengine ambayo mama yake asingependa kuyasikia. Kinyozi alimsikiliza hadi mwisho.

"Una haki ya kutukasirikia," alisema. "Ila mimi sikuandika popote. Wewe uliyeandika 'nimeona', uliona nini?"

Redio alitoka, akashika njia ya nyumbani kwa Kibiriti. Hasira yake ilikuwa ile ile, ila sasa alijua inamstahili yeye mwenyewe.

Alimkuta bibi yake Kibiriti uani akikamua shuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema lililokuleta."

Redio alisema yote: mbio za mwaka uliopita, kizingiti cha kinyozi, kauli ya dereva wa lori, miayo ambayo hakuipiga. Bibi aliendelea kukamua shuka kana kwamba ni shingo ya mtu.

"Hili ni la tisa," alisema. "Mashuka tisa. Mjukuu wangu anajificha chini ya taulo, na wewe hujaingia hata mlangoni?"

"Naomba unisamehe, bibi."

"Sitaki samahani ya mdomo. Mdomo wako nimeshaiona kazi yake. Mama yako nitazungumza naye mimi. Jumamosi utaingia ukumbini, utakaa karibu yangu, utafumbua macho, na utaniambia kuna nini mle ndani. Mimi mwenyewe sikufika mbali, mtoto alipiga mayowe tukatoka."

Jumamosi Redio aliingia. Muziki ulipoanza, miguu yake ilitaka kuondoka yenyewe, lakini mkono wa bibi ulikuwa umeshamkamata kiwiko. Alifumba macho mara ya kwanza, bibi akambana. Akafumba mara ya pili, akabanwa tena. Kisima kikatokea. Watu wote ukumbini wakainamisha vichwa, na safu ya mbele kinyozi alijifunika uso kwa kofia, kwa maana alikuwa amekuja tena ili safari hii aushinde woga wake. Mkono mweupe, uliochubuka, ukapanda taratibu ukingoni mwa kisima. Redio akamkumbuka Komando chini ya taulo lake, akakodoa macho.

"Bibi," alinong'ona. "Ana saa."

"Ana nini?"

"Saa ya mkononi. Tazama."

Bibi alitazama. "Alikufa miaka mia tatu iliyopita," alisema kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, "na amevaa saa?"

Vichwa viliinuka. Mtu mmoja alicheka, kisha watatu, na kinyozi akashusha kofia yake.

Filamu ilipokwisha, bibi alikwenda kwa mwenye ukumbi, ambaye pia ndiye aliyeendesha mitambo, akamweleza kisa kwa maneno makali. Mwenye ukumbi aliona aibu. Kibiriti, aliyekuwa akisubiri nje, alikwenda nyumbani kumleta Komando, taulo likiwa bado kichwani. Taa ziliwashwa, milango ikaachwa wazi, muziki ukazimwa, na picha ile ikasimamishwa mkono ukiwa ukingoni.

"Usimtazame yeye," Redio alimwambia. "Tazama hapo tu, kwenye kifundo cha mkono."

Komando aliinua pindo la taulo kidogo. Alisogea hatua moja mbele, kisha nyingine.

"Sasa hivi kwake ni saa ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Inaonekana saa tisa na robo," alijibu bibi.

"Na kaivaa ndani ya maji?" Komando alikunja uso. Alikuwa na hasira ya mtu aliyedanganywa. "Itaharibika."

Alivua taulo kichwani akamwomba dada yake amfungie shingoni.

Jumatatu safu ilisomeka hivi: "Zamani niliandika nimeona, na sikuwa nimeona. Sasa nimeona. Mwanamke wa Kisimani inatisha. Nilifumba macho mara mbili. Watoto wadogo wasipelekwe. Amevaa saa ya mkononi."

Kibiriti aliisoma, akarudi na vitabu vyake. "Sijakusamehe," alisema akiketi. "Kule dirishani kuna upepo."

Bibi naye alifika shuleni na miwani yake, akasoma polepole mbele ya mwalimu na wanafunzi.

"Ungeandika hivi tangu mwanzo, nisingefua wiki mbili nzima," alimwambia Redio. "Kuogopa hakukumdhuru mtu nyumbani kwangu. Kilichotudhuru ni neno 'nimeona' la mtu aliyekaa nje. Watu hulifuata neno hilo wakiwa wameshika watoto mkono. Ukiogopa, andika umeogopa. Usipoona, andika hujaona. Na leo mchana uje, kuna mashuka matatu yamebaki."

Redio alikwenda. Aliyafua yote matatu, na Komando alimsaidia kuyasuuza, taulo shingoni, akiingiza mikono yake yote miwili ndani ya ndoo.