Kaski ya Garanti

"Vueni kaski!"

Motards, madereva wa pikipiki za abiria, wakavua kofia zao ngumu. Jua la mchana la Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, liliwaangukia vichwani, na hakuna aliyefurahi.

Askari walizipindua kaski moja moja. Wakabonyeza sponji. Wakachana vitambaa kwa visu. Wakazigonga kwa juu kama watu wanaochagua tikiti maji.

Hakuna kitu. Jasho tu.

Ng'ambo ya barabara, karibu na meza ya mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa, Charlotte alisaga meno. Kwa mji mzima wa Uvira alikuwa yule dada wa studio, fundi wa kurekodi kwaya. Kwa watu wachache mno alikuwa wakala wa siri, aliyetumwa kuziba njia ya dhahabu inayotoka milimani na kutoroshewa Bujumbura. Hii ilikuwa opereshoni ya tatu kuangukia pua. Mara zote tatu walivamia pale pale, wakatoka mikono mitupu, na mara zote tatu dhahabu ilivuka.

Simu ikatetemeka. Tecno ya kawaida, laini isiyo ya kawaida.

"Shefu."

"Muko na kitu?" Alikuwa Komanda Evariste, mkuu wake, mtu wa kuamua haraka na kukasirika haraka zaidi.

"Hapana, shefu. Ata chembe."

"Basi kuko muntu anatoa siri. Na huyo muntu minye namujua. Norbert atapanda boti ya Kalemie leo jioni, na pingu ku mikono. Kule batamuuliza muzuri."

 Norbert alikuwa fundi wao wa redio, mpole, mtu wa kuomba samahani hata akikanyagwa yeye. Waliofikishwa kule Kalemie kuulizwa "muzuri" walikuwa hawarudi wakiwa wale wale.

"Shefu, Norbert hakusema kitu."

"Opereshoni tatu, Charlotte! Nani alijua? Minye, weye na yeye. Minye siye. Ni weye?"

Simu ikakatwa.

Alitamani kuitupa ziwani. Kwa sababu Norbert alikuwa ameshasema ukweli, mbele ya Evariste mwenyewe, na Evariste akacheka. "Shefu," alisema, "ekutere ya Charlotte iko mbovu. Ile neno alisikia nusu."

Na kweli alisikia nusu.

Nyuma ya meza yake ya kuchanganya muziki, chini ya kitambaa cha kwaya, kulikuwa na kipokezi cha Icom kinachonasa redio za magendo. Charlotte alikisikiliza kwa ekutere zile zile za studio, zile kubwa za kufunika masikio yote mawili. Aina ya Orvane. Nzuri sana kwa sauti. Kwa uimara, takataka. Kiungo cha utepe wa kichwani kilipasuka, waya ukachomoka, sikio la kulia likafa. Siku ya ujumbe sikio la kushoto nalo likafuata, katikati ya sentensi.

"Kaski ya..."

Krrr.

"...itavuka."

Basi. Alipiga ile ekutere kofi, akaitikisa, akaitukana. Neno lilikuwa limeshapita. Alipopeleka taarifa, akieleza wazi kwamba neno moja limepotea, Evariste alilijaza mwenyewe bila hata kukaa chini. "Ya moto! Ku Uvira kaski iko ya nini tena?"

Na katika mji ambao moto, yaani pikipiki, ni nyingi kuliko mbwa, nani angebisha?

Charlotte alitazama askari wakirundika kaski zilizochanwa kwenye gari lao. Boti ingeondoka jioni. Kabla ya hapo ilimbidi asikilize redio tena, na kwa masikio mazima safari hii. Hilo lilimaanisha kitu kimoja tu, kitu alichokichukia kuliko kufuatwa usiku na watu wenye silaha.

Kwenda kubadilishiwa ekutere kwa garanti. Tena.

"Vainqueur!" aliita.

Vainqueur, motard wake wa kila siku, alikuja akisukuma pikipiki yake ya TVS kichwa wazi, uso umevimba kwa hasira.

"Mama Charlotte, banabeba kaski yangu! Minye nilifanya nini? Niliweka bunduki ndani?"

"Nipeleke kwa Maman Agathe."

"Tena? Ile ekutere yako inakula garanti sawa mutoto anakula bishikuti."

Charlotte alipanda nyuma. 

Duka la Maman Agathe lilikuwa karibu na soko la Mulongwe, limejaa spika, gitaa na vinanda. Nusu ya kwaya za mji zilinunua ekutere pale, na zote zilivunjika pale pale, kwenye kiungo cha kushoto. Lakini hakuna aliyelalamika kwa sauti. Ungelalamikaje? Maman Agathe alikupokea kwa mikono miwili, akakupa kiti, akakupa Fanta, akachukua iliyovunjika na kukupa mpya. Bure! Watu waliisifu ile garanti kanisani. Walisahau kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa ekutere moja hadi sikukuu mbili.

Charlotte hakutaka Fanta. Alitaka ekutere isiyovunjika. Ni kitu kikubwa hicho?

"Oh, pole, mama Charlotte!" Maman Agathe alikuwa mnene, mchangamfu, kitenge kipya, sauti ya kubembeleza mtoto mwenye homa. "Imekufa tena? Pole, yangu. Ikala." Akaipokea ekutere, akamsogezea kiti.

"Sitaki kuikala, maman. Nataka unielezee. Juu ya nini zinavunjika zote fasi moja?"

"Ni joto ya ku ziwa, mama. Plastiki ya Ulaya haizoee." Alimwekea boksi jipya mezani. "Garanti si iko? Unahangaika ya nini?"

Charlotte alifungua boksi. Hakuamini tena kitu chochote chenye harufu ya upya. Akaitoa ekutere, akaipinda taratibu kwenye mwanga wa mlangoni, kidole gumba kwenye kiungo cha kushoto.

Chini ya rangi nyeusi kulikuwa na mstari.

Mwembamba, ulionyooka. Joto halichori mstari ulionyooka. Ulikuwa umepigwa msumeno, kisha ukapakwa rangi.

Alishusha pumzi polepole. Kwa miezi yote ile alikuwa akijilaumu kwamba ana mikono mizito. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Lakini kwa nini? Ni muuzaji gani anayeharibu mali yake mwenyewe ili aibadilishe bure?

Maman Agathe alikuwa ameshageukia mlango wa nyuma, na ile ekutere mbovu mkononi. Akapaza sauti, kwa mazoea tu, kama mtu anayeagiza chai.

"Ngendakumana! Ongeza hii, kaski ya garanti!"

Charlotte akaganda.

Studioni wote walisema ekutere. Kwaya zote zilisema ekutere. Lakini Maman Agathe alisema kama vile Wafaransa waandikavyo kwenye boksi, ambako kitu cha kichwani na kitu cha masikioni vina jina moja: kaski.

Kaski ya *garanti*.

Lile neno lililoliwa na krrr lilikuwa limesimama mbele yake limevaa kitenge.

Mlango wa nyuma ulifunguka. Ngendakumana, dereva wa duka, alipita na katoni kifuani. Juu yake stika nyekundu: GARANTI, VITU VIBOVU. Ndani, vipokea sauti vya plastiki na sponji, ambavyo Charlotte huvinyanyua kwa kidole kimoja kila siku ya Mungu.

Mishipa ya shingo ya Ngendakumana ilikuwa imesimama. Magoti yalimpinda.

Plastiki haipindi magoti ya mwanaume.

Sasa alielewa kila kitu. Ili katoni za vitu vibovu, na dhahabu ndani yake, zivuke mpaka kila mara bila mtu kushangaa, lazima vitu vibovu vipatikane kila mara. Mji mzima ulikuwa umefanywa kiwanda cha kuvunja ekutere.

"Aksanti, maman," alisema, akaiacha ile mpya mezani. Akachukua ile mbovu yake kutoka mkononi mwa Maman Agathe kabla haijaondoka. "Hii nitaishika kwanza. Tumezoeana."

Maman Agathe alicheka. Macho yake hayakucheka.

Nje, Probox nyeupe ya duka ilishawaka na kuondoka.

"Vainqueur! Fuata ile gari!"

"Bila kaski?"

"Fuata!"

TVS ikanguruma. Wakakata kati ya mikokoteni, wakapita wauza mafuta ya mawese, wakapanda tuta na kushuka. Ziwa lilipita kushoto... hapana, kulia, waligeuka mara mbili kukwepa mbuzi. Charlotte alibonyeza simu kwa mkono mmoja.

"Shefu! Kaski si ya moto!"

"Nini?"

"Si ya moto! Ni ya masikio!"

"Mashikio ya nani? Charlotte, sikusikie, réseau..."

Tuuu.

Alitoa neno ambalo fundi wa kwaya hapaswi kulijua.

Kabla ya mpaka, wale askari wa Evariste walikuwa bado barabarani. Probox ilifika. Askari alichungulia, akaona katoni, akasoma stika, akapunga mkono. Hakuambiwa atafute katoni. Aliambiwa atafute kaski.

TVS ikafika.

"Simama! Kaski yenu iko wapi?"

Vainqueur alizima injini. Kisha akanyoosha kidole kwenye gari lao, juu ya lile rundo. "Ile ya nyekundu."

"Unatembeza moto bila kaski? Utalipa amende!"

"Si weye uliibeba! Weye mwenyewe! Na kisu!"

Charlotte hakusubiri mwisho wa kesi. Aliteleza kutoka kiti cha nyuma, akavua viatu, akakimbia.

Probox ilikuwa kwenye foleni, gari moja tu kabla ya kizuizi cha mwisho. Ng'ambo yake ilikuwa Burundi, na gari likivuka, Norbert amekwisha. Bastola yake ndogo ilikuwa mkobani. Akaifikiria. Akatazama wamama na mizigo yao, watoto mgongoni. Akaiacha.

Badala yake akatoa ekutere iliyovunjika, akavaa tabasamu la kuomba radhi.

"Kaka Ngendakumana! Simama kidogo! Ulisahau yangu!"

Dereva akageuka. Rangi ikamtoka.

"Maman Agathe amesema uiweke pamoja na zingine," Charlotte alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya foleni. "Mu ile karto."

"Karto imefungwa."

Afisa wa mpaka, mwanamke mrefu mwenye kofia, alisogea. "Si utafungua tu? Saidia mama."

"Itachelewesha bantu."

"Ata!" alidakia mama mmoja wa kwaya kwenye foleni, ndoo kichwani. "Yangu pia iko mule, ilivunjika kule kule ku kushoto! Fungua, tubone kama kweli munazipeleka!"

"Fungua!" wengine wakaitikia. Kumbe hasira haikuwa ya Charlotte peke yake. Kila aliyewahi kuimba kwaya Uvira alikuwa na ekutere yake moyoni.

Mkono wa Ngendakumana ulishuka chini ya kiti. Ukapanda na chuma cheusi.

Charlotte aliupiga mlango wa gari kwa uzito wake wote. Kifundo cha mkono kilibanwa katikati. Bastola ikaanguka kwenye vumbi, naye Ngendakumana akapiga yowe. Akachomoka mlango wa pili, akakumbatia katoni na kujaribu kukimbia nayo.

Alipiga hatua chache. Chini ya katoni kukararuka.

Ekutere zikamwagika barabarani. Zikavunjika tena, bila shaka. Zote, kwenye kiungo cha kushoto. Vifuniko vya masikio viliruka huku na huku, na kutoka ndani ya kila kimoja kikadondoka kipande cha manjano, kizito, kilichoangukia lami bila kuruka.

Yule mama wa kwaya akatua ndoo yake chini ili aone vizuri.

Kwa mara ya kwanza tangu anunue Orvane, Charlotte alifurahi kuona zinavunjika.

Askari walikuja mbio, na kaski za watu mikononi. Walimkalisha Ngendakumana chini. Mtandao nao ukarudi, Charlotte akapiga tena.

"Shefu. Dhahabu iko hapa, imelala mu barabara. Kaski ya garanti. Kaski ya ku mashikio."



"Minye nilikuwa nafikiri..." alianza Evariste.

"Tuma bantu kwa Maman Agathe, batakuta musumeno. Na boti?"

"Bado iko ku Kalundu. Lakini papier za kumusafirisha zishatoka, mambo ya kesho tuta..."

"Mutoe, shefu."

"Charlotte, unasema na mukubwa wako."

"Norbert alikuambia ekutere iko mbovu. Ulicheka. Mutoe sasa, ama minye napanda hiyo boti pamoja naye, na ripoti naandika kule Kalemie."

Evariste alikohoa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia: "Sawa."

Bandarini Kalundu, boti ilipiga honi na kuondoka na abiria wake, mmoja pungufu. Norbert alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, akijisugua mikono palipokuwa na pingu. Alipomwona Charlotte alisimama. Charlotte akafungua mkoba. Akampa ile ekutere.

Norbert aliigeuza. Akaona ule mkato wa msumeno, akatikisa kichwa. Akaenda kwa fundi baiskeli aliyekuwa hapo karibu, akarudi na kipande cha mpira wa tairi la ndani, akakifunga kwenye kiungo, akakaza kwa meno. Akasokota waya, akapuliza vumbi.

Charlotte akavaa, akaichomeka kwenye simu yake. Masikio yote mawili yalifanya kazi.

"Garanti iko?" aliuliza.

"Garanti ya nini? Ni kipande ya mupira."

"Na ikivunjika tena?"

Norbert alishangaa swali lenyewe.

"Si niko?"

Charlotte aligeuka upesi ili Norbert asimwone macho. Akaenda kwenye TVS, ambako Vainqueur alikuwa akimsubiri na kaski yake nyekundu kichwani, sponji ikining'inia nje kila upande.

"Twende," alisema. "Kwaya ya Kimanga inaningojea saa hii, na wanachukia kuchelewa."