Kwelea Hawana Mfalme

Kila alfajiri Marietha alipanda dungu katikati ya shamba lake la mpunga, akaamia ndege. Mwaka ule mahindi yalikauka yote. Mpunga nao ukiliwa, yeye, mumewe Optatus na watoto wangekula nini?

Asubuhi moja kwelea walishuka. Alipiga debe, akapiga ukelele, akarusha kombeo mpaka bega likamuuma. Waliinuka kidogo, wakarudi. Walipoondoka, masuke yalibaki makapi. Marietha alikaa matopeni akalia kwa sauti kama mfiwa.

Ng'ambo ya mfereji, shamba la jirani yake Mwahija lilikuwa zima.

"Ni yeye!" Optatus alifoka. "Kalizindika shamba lake, ndege katutupia sisi."

Marietha aliamini. Kwenye shida mchawi hakosekani! Jioni Mwahija alipomsalimu, hakuitikia.

Kesho yake alifika Veronika, bibi shamba wa kata.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Pole hailiwi. Tuoneshe tu mfalme wao ni yupi, tumuue, watawanyike."

"Hawana mfalme, mama. Hakuna anayewaamuru. Kila ndege huwatazama wenzake wachache walio karibu naye. Wakigeuka, naye anageuka. Wakitua, naye anatua. Wakishtuka, anashtuka. Kundi lote linakwenda kwa hayo tu."

"Mbona kwa Mwahija hawakutua?"

"Nimetoka kumuuliza. Walianzia kwake. Akawashtua, wakageukia kwako. Wewe ulikuwa juu ya dungu, katikati. Wachache wakatua pembeni bila kushtuliwa, wengine wote wakawafuata. Mkilinda kila mtu kwake, mnafukuziana ndege."

Marietha aliinamisha kichwa. Mara ngapi yeye mwenyewe aliwafukuza wakaenda kwa wenzake, akamshukuru Mungu?

"Simameni pamoja kwenye kingo za bonde zima," Veronika aliendelea. "Washtueni wale wa mwanzo kabla hawajatua. Watarudi, nanyi msiondoke. Wakizidi, nipigieni simu niwaite watu wa kilimo wa wilaya."

"Na mimi nimebakiwa na nini cha kulinda?"

Veronika alimshika mkono, kisha akaenda kuwaita watu wa bonde.

Hata hivyo alfajiri Marietha alikwenda. Watu wa bonde zima walisimama kingoni, yeye kando ya Mwahija. Kwelea wakaja. Wa mwanzo walipoinama kutua, madebe yalilia kwa pamoja. Wakageuka, na kundi lote likageuka. Watu walishangilia. Marietha hakushangilia. Alikuwa akilinda chakula cha watu wengine, na moyo ulimuuma.

Walilinda hivyo kila siku mpaka mavuno. Kila shamba lilikuwa na cha kuvuna, isipokuwa lake.

Siku ya kwanza ya mavuno Mwahija alimfuata nyumbani na mundu wa pili mkononi, akampeleka shambani kwake.

"Kuanzia hapa mpaka kwenye mfereji ni kwako," alisema.

Mpunga ule usingefika mwaka, Marietha alilijua hilo. Ungetosha mbegu na miezi michache ya kula.

"Dada, nisamehe," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikudhani mchawi."

"Najua," Mwahija alisema. "Kata, jua linapanda."